Usugu na Himaya: Maneno Mawili kwa Chembe za Saratani ya Damu

Neno "sugu", kwa asili yake, ni ile ngozi ngumu ifanyikayo katika kiganja cha mkulima kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Kutokana na maana hiyo tumepata mtu sugu, asiyesikia maonyo, na ugonjwa sugu, usiosikia dawa. Siku hizi "usugu" ndilo neno litumiwalo kila dawa ishindwapo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba, kwa habari ya saratani ya damu, neno hilo laeleza nusu tu ya jambo, na nusu ya pili yahitaji neno lake.

Damu hutengenezwa katika uboho, ule ute laini uliomo ndani ya mifupa. Jambo hili lilielezwa na Mjerumani Ernst Neumann mwaka 1868. Katika saratani ya damu iliyo kali, chembe changa za damu nyeupe huzaana ovyo pasipo kukomaa, hata zikaisonga damu njema. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba baadhi ya watoto aliowapa dawa ya aminopterini walipata nafuu. Lakini nafuu ile ilikuwa ya muda, ugonjwa ulirudi. Tangu hapo wataalamu wamejiuliza: chembe zilizosalia zilisalia kwa njia gani?

Jibu la kwanza ni usugu hasa. Mwaka 1976 Juliano na Ling walieleza protini ikaayo katika utando wa nje wa chembe, ambayo sasa yajulikana kuwa huisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi. Chembe nyingine hugeuka umbo pale mahali ambapo dawa hushika. Chembe za namna hizi huchukua ugumu wao popote ziendapo, kama mkulima aendavyo mjini na sugu zake kiganjani.

Jibu la pili ni la namna nyingine. Mwaka 1978 Raymond Schofield alitoa rai kwamba chembe mama za damu hudumu katika hali yao kwa sababu ya makao yake ndani ya uboho. Baadaye ilionekana kwamba chembe za saratani nazo huyatumia makao hayo, na wenyeji wake huzitendea hisani tatu. Kwanza, huziita kwa kemikali iitwayo CXCL12, na zikiisha kufika hushikamana nao, zikapokea ishara za kuzizuia zisife. Pili, baadhi yake hulala usingizi. Dawa kama sitarabini huiua chembe inapojigawa. Ile iliyolala hupitwa. Tatu, huzilisha. Dawa ya asparajinesi huondoa katika damu chakula kiitwacho asparajini, ambacho chembe nyingi za saratani hii haziwezi kujitengenezea vya kutosha. Lakini jirani katika uboho hukitengeneza na kuzigawia.

Majaribio ya maabara yathibitisha tofauti hii. Chembe za saratani zikilelewa pamoja na chembe za makao ya uboho, nyingi husalimika kwa kipimo cha dawa kiziuacho zikiwa peke yake. Chembe ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali. Je, hiyo ni sugu? Sugu haibaki nyumbani mwenyewe atokapo.

Hali hii naiita "himaya". Pengine mtu atasema kwamba "kinga" latosha. Lakini "kinga" limekwisha kupewa kazi ya kutaja nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi. Tukisema chembe ya saratani ina kinga, msikilizaji atapotea. "Himaya" lamtaja mwenye kuhami na mwenye kuhamiwa, na uhusiano wao ukikatika nalo lakoma.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Penye usugu, daktari hutafuta dawa nyingine. Penye himaya, yafaa pia kuitoa chembe makaoni mwake. Dawa za kukata mshikamano huo, kama pleriksafo, zimejaribiwa kwa wagonjwa, ila hazijawa desturi ya tiba ya ugonjwa huu. Wala makao yenyewe hayawezi kubomolewa hivi hivi, kwani ndimo zikaamo chembe mama njema. Tena himaya huweza kuzaa usugu: chembe iliyohifadhiwa hupata muda wa kubadilika.

Hapa ndipo neno linapogusa uhai wa mtu. Chembe changa katika uboho zikipungua chini ya 5 kwa 100, na damu ikarudi katika hali yake, madaktari huhesabu kwamba ugonjwa umetulia. Lakini mamilioni ya chembe za saratani huweza kuwa zimesalia mafichoni. Mgonjwa akiambiwa "umepona", ataona hana haja ya dawa zilizobaki. Yatupasa kumwambia "umepata nafuu", na kumweleza ya kuwa adui yungali chini ya himaya, na tiba iliyosalia ni kwa ajili yake.