Boti ya bure, rezini kwa dola

Nchini Marekani, tangazo la "boti bure, njoo na gari lako uivute" si utapeli. Ukifika uani kwa aliyelitoa utakuta chombo cha futi 16 au 17 cha miaka ya 1970 au 1980, kimepauka rangi, ila ganda lake la faiba halina hata ufa. Mwenyewe amechoka kulipia maegesho, na dampo nalo linatoza kuipokea, maana faiba kuukuu haiyeyushwi ikawa mpya kama chuma chakavu. Mara nyingi trela iliyo chini yake ina thamani kubwa kuliko chombo chenyewe.

Kilichoiporomosha bei kimefichwa ndani. Ganda la boti ndogo ni jembamba na hunepa. Nguvu yake hutoka kwenye mihimili ya plaiwudi iliyolazwa kutoka omo hadi tezi, na kwenye ubao mnene wa nyuma unaobeba injini, vyote vikifunikwa kwa faiba. Kati ya mihimili hiyo kiwandani walijaza povu la poliurethani. Mwaka 1961 Dick Fisher, mwenye kiwanda cha Boston Whaler, alipigwa picha na jarida la Life akiwa ameketi ndani ya boti yake iliyojazwa povu huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno, nayo ikaendelea kuelea. Sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971 ilifungua njia ya kanuni zinazotaka boti nyingi zisizofika futi 20 zielee hata zikijaa maji, na povu likawa njia rahisi ya kutimiza hilo.

Povu hilo halinywi maji kwa siku moja. Ila tundu la skrubu ya kiti likitobolewa sakafuni bila kuzibwa, mvua hupenya kidogo kidogo kwa miaka thelathini. Tuseme chini ya sitaha mna nusu mita ya ujazo ya povu. Likiwa kavu lina uzito wa kilo kumi na sita hivi. Likishika maji nusu ya ujazo wake, umeongeza kilo 250: abiria wanne wasioshuka kamwe na wasiolipa nauli. Huku plaiwudi inalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Fundi hugonga kwa nyundo na kusikiliza: penye ubao mzima palia kavu, penye uozo palia butu. Akiwa na shaka anatoboa tundu dogo. Keekee ikitoa unga mweusi wenye unyevu, hakuna la kubishania.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu. Karakana nyingi za Marekani hutoza dola 100 na zaidi kwa saa, na kazi hii hula saa nyingi mno. Ganda hushikiliwa kwanza kwa vigango lisije likapinda, ndipo sitaha ikatwe na povu lichimbwe kwa koleo. Kisha ni grenda siku nzima, ndani ya barakoa na ovaroli, kwa vumbi la faiba linalowasha hata baada ya kuoga. Ganda likishakauka ndipo hupangwa mihimili mipya, na nyuma hubandikwa tabaka mbili za plaiwudi kupata unene wa milimita 38 hivi. Karakana ikifanya yote hayo, bili inaweza kupita mara kadhaa bei ya boti nzima ya umri huo.

Kwa hiyo kazi imehamia nyumbani, na biashara ikaifuata huko. Anayepata faida katika mnyororo huu ni muuza ndoo za rezini, gundi ya kazi hii. Kampuni ya Gougeon Brothers ya Bay City, Michigan, ilianza na ndugu waunda boti, ikajulikana zaidi kwa epoksi yao ya West System, inayopimwa kwa pampu ili hata asiye fundi asikosee mchanganyiko. Poliesta ni rahisi zaidi kwa bei, ila haishiki mbao kama epoksi. Kuna pia mbao za povu gumu lenye nyuzi za kioo, zisizooza, zinazouzwa kwa bei inayomrudisha mtu kwenye plaiwudi. Mwenye boti hulipia vyote hivyo bila kunung'unika kwa sababu saa zake mwenyewe hazihesabu. Angezihesabu, soko hili lingekufa kesho, na boti zingebaki mzigo wa umma. Tayari tangu 2002 jimbo la Washington lina mpango wa kuondoa vyombo vilivyotelekezwa.

Kwetu pwani tumezoea chombo kisichojua kuficha. Jahazi likivuja, maji yanaonekana ngamani, kalafati anaitwa na pamba yake, na chombo kinarudi baharini. Boti ya faiba hunyamaza. Serikali za Tanzania na Zanzibar zimekuwa zikiwapa na kuwakopesha wavuvi boti za aina hii, na mazungumzo huwa juu ya injini na nyavu. Ni nadra kusikia mtu akiuliza ubao wa nyuma umeundwa kwa kitu gani, au kama matundu ya skrubu yamezibwa kwa rezini. Swali hilo litaulizwa baadaye, mkopo ukiwa umeshalipwa, siku injini itakapoanza kucheza kwenye vishikizo vyake.