Kimya Kimpotezacho Mpangaji
Mpangaji wa duka akiambiwa "Hama kesho!" asifunge virago. Sura ya 301 ya sheria za Kenya, iliyotungwa mwaka 1965, humlinda hata asiye na mkataba wa maandishi. Sharti mwenye jengo ampe ilani iliyoandikwa, yenye sababu, ya miezi miwili au zaidi. Mpangaji naye akipinga, hulipeleka shauri barazani kabla muda haujaisha. Akinyamaza, ilani humfunga.

Lakini ilani hiyo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali tangu mwaka 2010 Kiswahili pia ni lugha rasmi kikatiba. Je, ni haki kumwandikia mtu kwa lugha asiyoifahamu, kisha kumhukumu kwa kimya chake? Walimu wenzangu, katika somo la barua rasmi, tufundishe na ilani.