Gari Mseto: Mwenye Ufunguo si Lazima Awe Mwenye Gari

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga, na ni vipya vichache siku hizi vinavyowasisimua wapenda magari kama gari la kasi linalokwenda kwa petroli na umeme kwa pamoja. Mimi ni mmoja wa wapenzi hao, ingawa mshahara wa mhadhiri haujapata kuninong'oneza kwamba siku moja nitalimiliki. Mapenzi, hata hivyo, hayadai hati ya umiliki. Kwa miaka kadhaa nimefuatilia jinsi wenye magari hayo wanavyoyafungua na kuyageuza, na jinsi wanavyovutana na waliowaundia. Katika mvutano huo nimeona jambo linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi kuliko linavyowahusu matajiri: kumiliki chombo ni kukielewa, na hukielewi chombo usichoweza kukieleza.

Tulitwae gari moja liwe mfano, BMW i8, lililoundwa katika mji wa Leipzig, Ujerumani, hadi mwaka 2020. Liliingia sokoni mwaka 2014. Nyuma lina injini ya petroli ya lita 1.5 yenye silinda tatu tu, ya ukoo mmoja na ile inayotiwa katika gari dogo la Mini. Mbele lina mota ya umeme. Injini huzungusha magurudumu ya nyuma, mota huzungusha ya mbele, na baina ya pande hizo mbili hapana mhimili wa chuma unaoziunganisha. Matoleo ya kwanza yalikuwa na nguvu za farasi 231 za injini na 131 za mota, jumla 362, na yaliweza kutoka kusimama hadi kasi ya kilomita 100 kwa saa katika sekunde 4.4.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo mwaka 1900 Ferdinand Porsche alikuwa tayari akilishughulikia gari lililochanganya petroli na umeme, akaliita kwa Kilatini Semper Vivus, yaani hai daima. Toyota walianza kuuza Prius nchini Japani mwaka 1997. Kilicho kipya ni kwamba mchanganyiko huo, uliotumiwa kwanza kubania mafuta, sasa unatumiwa kuongeza kasi.

Je, mpenzi wa gari kama hili hulibadilisha vipi? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Fundi alifungua kabureta, akabadilisha bomba la moshi, akakata springi ili gari liiname, akaliongezea magurudumu mapana. Kila tendo lilionekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Katika gari mseto kila badiliko huvuta jingine. Magurudumu ya kawaida ya mbele ya i8 yana upana wa milimita 195, membamba mno kwa gari la kasi. Mwenye gari akiweka mapana zaidi, gari litashika barabara vizuri kwenye kona, lakini ukinzani wa barabara na wa upepo utaongezeka, na umbali linaoweza kwenda kwa umeme peke yake utapungua. Akibadilisha bomba la moshi ili apate mngurumo, atakumbuka kwamba sehemu ya mngurumo anaousikia akiwa ndani hutoka katika spika. Na akiiongezea injini nguvu bila kuangalia mota itaitikiaje, huenda mbele na nyuma zikakosa kuelewana. Fahali wawili hawakai zizi moja, ila awepo mchungaji wa kuwapatanisha.

Mchungaji huyo ni programu za kompyuta. Ndizo zinazoamua lini mota ivute, lini injini iamke, na lini gari linapopunguza mwendo mota igeuke jenereta ya kurudisha umeme katika betri. Programu ni nini, kama si maandishi? Ina msamiati wake, ina sarufi yake, na kosa dogo la sarufi hiyo laweza kuizima mashine nzima. Kwa mintarafu hii, gari mseto ni matini, na anayeligeuza ni mhariri.

Tusidhani kwamba hii ni tamathali ya mwanaisimu tu. Nchini Marekani watengenezaji kadhaa wa magari waliwahi kushikilia kwamba programu zilizomo garini zinalindwa na sheria ya hakimiliki, ile ile inayolinda vitabu. Mwaka 2015 suala hilo liliamuliwa na Mkutubi wa Bunge la nchi hiyo. Naam, mkutubi! Aliwaruhusu wenye magari kufungua kufuli za programu kwa ajili ya kuchunguza hitilafu, kutengeneza gari au kulibadilisha kwa njia halali, na ruhusa hiyo ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Lakini ruhusa ya kukisoma kitabu haimpi mtu uwezo wa kukisoma. Asiyejua lugha ya kitabu, hata akikinunua kwa fedha zake, hubaki na jalada. Vivyo hivyo mwenye gari asiyeelewa yaliyomo hubaki na ufunguo mkononi.

Msomaji ataniuliza, haya yanatuhusu nini sisi tusiokuwa na i8? Yanatuhusu sana. Magari mseto ya kawaida kutoka Japani, kama vile Prius na Aqua, yamekuwa mengi katika barabara zetu, na aghalabu hutufikia yakiwa yamekwisha kutumika huko kwa miaka. Hatimaye huishia mikononi mwa fundi wa jua kali, kijana hodari aliyejifunza kazi kwa kutazama na kutenda. Chini ya gari hilo atakutana na nyaya za rangi ya machungwa. Rangi hiyo ni onyo. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 240. Betri kuu ya gari mseto mara nyingi hupita volti 200, na ile ya i8 hupita 300. Kabla ya kuzigusa nyaya hizo sharti gari lizimwe, plagi ya usalama ya betri ing'olewe, kisha fundi asubiri dakika kadhaa hadi umeme uliobaki katika vifaa uishe. Mtu anaweza kuuawa na sentensi ambayo hakuisoma. Na sentensi hizo, anapozipata, huwa zimeandikwa kwa Kijapani au Kiingereza cha wahandisi.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuzibeba fani kama hizi. Madai hayo yanapuuza historia ya lugha yenyewe. Neno usukani tulilipata kwa Waarabu likiwa la jahazini. Gari lilipokuja, tulilihamisha kutoka baharini hadi barabarani, wala hakuna dereva aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Gari lenyewe ni neno la asili ya Kihindi. Breki, gia, klachi na spana tulizitoa katika Kiingereza, tukazitia irabu na kuzikalisha katika ngeli zetu. Mafundi ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, wala hawakungoja warsha ya maprofesa. Waliyageuza maneno kama walivyoyageuza magari.

Hata neno mseto lafaa kuliko tunavyodhani. Neno la Kiingereza la kulitajia gari hili lina asili ya Kilatini, ambako lilimaanisha mtoto wa nguruwe jike wa kufugwa na dume la mwitu. Kwetu mseto ni chakula cha mchele na choroko, na miaka ya 2008 hadi 2013 tulikuwa na serikali ya mseto. Mchele na choroko hupikwa chungu kimoja, lakini mlaji huziona punje za pande zote mbili. Ndivyo injini na mota zilivyo katika i8. Chotara, neno ambalo wengine wamelipendekeza, lina kovu la dharau kwa binadamu, na sioni sababu ya kulipeleka gereji.

Kinachokosekana, basi, ni mazoea ya kuyatumia maneno katika kazi yenye uzito. Katika shule zetu za upili fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili huachiwa insha za ndoto na safari. Mwalimu wa Kiswahili na amwendee mwenzake wa fizikia, waandae insha moja kwa pamoja: eleza, kwa ukurasa mmoja, jinsi gari mseto linavyofanya kazi na jinsi ya kulifungua bila kudhurika. Mwanafunzi akimaliza, aipeleke gereji iliyo karibu na shule, amsomee fundi. Pale fundi atakapokunja uso, pana neno la kubadilishwa. Na pale atakapomsahihisha, mwanafunzi achukue kalamu aandike. Alama za insha hiyo tuzitoe baada ya fundi kuielewa.