Subira ya Ukoo wa Shimazu

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayomtaka mtu atumie akili kuliko wepesi wa vidole, uko mmoja uitwao Total War: Shogun 2, uliotolewa mwaka 2011 na kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza, ambao humchukua mchezaji hadi Japani ya mwaka 1545, zama ambazo mfalme wa nchi hiyo alikuwa na taadhima bila amri, shogun, yaani amiri jeshi aliyetawala kwa jina la mfalme, alikuwa na cheo bila nguvu, na kila bwana wa jimbo, aitwaye daimyo, alikuwa sultani ndani ya ngome yake. Mchezaji huchagua ukoo mmoja wa mabwana hao, akauongoza msimu baada ya msimu, mpaka aishike Kyoto, mji mkuu, na kukalia yeye mwenyewe kiti cha shogun.

Wengi waanzao hudhani kuwa ufunguo wa Kyoto ni upanga. Nami nilikuwa katika dhana hiyo hiyo, hata nilipowapoteza askari wangu kwa baridi ya kipupwe katika nchi ya adui, pasipo kupigwa hata mshale mmoja, ndipo nilipotambua kuwa mchezo huu humpima mtu subira yake kabla ya ushujaa wake. Nauchukua ukoo wa Shimazu kuwa mfano kwa sababu panga zao zinasifiwa kuliko za koo nyingine zote, na mwenye silaha kali ndiye ahitajiye zaidi nasaha ya kungoja.

Shimazu huanzia Satsuma, pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Kyushu, ambacho maana ya jina lake ni Majimbo Tisa. Mgongoni mwao iko bahari, na hiyo ni neema kubwa. Tadbiri ya kwanza, basi, ni kuyatia mkononi majimbo yote ya kisiwa hicho, moja baada ya jingine, pasipo kuwasha vita viwili kwa wakati mmoja, kabla ya kuvuka mlango wa bahari kwenda Honshu, kisiwa kikubwa chenye Kyoto. Kwani aliyekimiliki kisiwa kizima ana njia moja kuu ya kulinda, lakini aliyevuka akaacha jirani mwenye kinyongo nyuma yake hana usingizi.

Katika muda huo wa kungoja, kazi ya mtawala iko shambani. Ngome inayopanuliwa na soko linalokuzwa hula chakula cha dola nzima, na mashamba ya mpunga yasipotengenezwa kwanza, ghala hukauka, raia hunung'unika, na maasi huzuka katika jimbo lililotekwa jana. Chakula kikizidi, ziada ile huongeza ukwasi wa miji, na ushuru hupanda bila ya raia kukamuliwa. Akiba haiozi, na mwenye kulipanga jeshi lake kwa kipimo cha ghala hatalivunja kwa njaa.

Baada ya ghala ni watu. Majemadari wa Shimazu wana utii kuliko wa koo nyingine, lakini mtawala mwenye hadhari hauachi utii huo bila kuupalilia: huwapa majemadari vyeo vya serikali, na huweza kumwoza mmoja wao binti yake, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na jemadari mwenye jeshi na manung'uniko ni adui aliyekwisha kuingia ndani ya ngome.

Katika uwanja wa vita, wenye panga wasitangulizwe. Mbele wawekwe ashigaru, askari wa miguu wa kawaida, wenye mikuki ya kuzuia farasi na pinde za kumchosha adui. Samurai wa panga wakae kando, penye miti, wasionekane. Shimazu wa kweli walikuwa na hila waliyoiita tsurinobuse, neno lenye maana ya kuvua na kuvizia, na mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana. Safu ya kati hupigana kidogo, kisha hurudi nyuma kama iliyoshindwa; adui, kwa ghururi ya ushindi, hufuata chambo, safu zake zikifumuka kwa mbio; na akiisha kupita miti, panga humtokea kulia na kushoto, na wale waliokuwa wakikimbia hugeuka. Kwa werevu wa namna hiyo Shimazu Iehisa, mwaka 1584 huko Okitanawate, alilivunja jeshi la daimyo Ryuzoji Takanobu lililozidi lake kwa mbali, na Takanobu mwenyewe akauawa.

Ipo pia biashara ya Wareno, ambao mwaka 1543 walifika Tanegashima, kisiwa kilicho kusini ya Satsuma, na bunduki za fatila. Watu hao si wageni katika historia yetu: padre Francis Xavier, aliyeshuka Kagoshima, mji wa Satsuma, mwaka 1549, alipita Malindi mwaka 1542 katika marikebu yao akienda Goa. Katika mchezo, bandari iliyofunguliwa kwa Wareno huleta bunduki, na pamoja nazo dini mpya na mfarakano wa raia. Mchezaji na apime kama faida inaishinda fitina.

Lakini mtihani mkuu huja wakati mambo yamenyooka. Sifa za ukoo zikifika kipeo, shogun humtangaza mchezaji kuwa adui wa dola, na koo zote, hata marafiki wa jana, humgeukia. Mikataba huvunjika, na mapato ya biashara hukatika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini saa ya kuzivua nguo unaichagua wewe. Kwa hiyo yafaa kusimama hatua chache kabla ya kipeo hicho, ukajaza hazina, ukaimarisha ngome za mpakani, ukazoea kuishi kwa kodi ya ardhi pasipo faida ya marikebu, ndipo ukachukua jimbo lile litakaloitikisa nchi nzima.

Shimazu wa kweli hawakupata nafasi hiyo. Walipokuwa karibu kukimiliki kisiwa chote cha Kyushu, mwaka 1587, Toyotomi Hideyoshi, bwana wa vita aliyekuwa akiiunganisha Japani chini yake, aliwashukia kwa jeshi linalokadiriwa kuzidi watu 200,000. Hapo Shimazu Yoshihisa, aliyekuwa mkuu wa ukoo, alinyoa kichwa kama mtawa, akaenda kusalimu amri, na kwa unyenyekevu huo Satsuma ikabaki mikononi mwa ukoo wake. Ilibaki humo karne tatu kasoro kidogo, hata mwaka 1868 watu wa Satsuma walikuwa miongoni mwa walioung'oa utawala wa mashogun wenyewe. Mchezaji akiisha kuyajua hayo, msimu wa kulima mpunga bila kupigana hautamwonekea tena kuwa msimu uliopotea.