Kutoka Kariakoo Mpaka Nkhata Bay kwa Boxer

Likizo ndefu ikikaribia, pale hosteli hakukosi mtu wa kusema, "Jamani, tuchukue pikipiki twende Malawi." Watu wanacheka, mada inaishia hapo. Kwetu mwaka huu haikuishia hapo. Kaka yangu anaendesha bodaboda mjini, amemaliza mkataba wa Boxer yake, na anataka kwenda nayo Nkhata Bay kumsalimia shangazi yetu aliyeolewa huko. Mimi nitapanda nyuma. Na kwa kuwa kwenye familia mimi ndiye "msomi", nimekabidhiwa maandalizi. Kutoka hapa Chang'ombe hadi Kariakoo si mbali, kwa hiyo jioni zangu nyingi zimeishia kwa mafundi wa Gerezani. Haya ndiyo niliyoyakusanya, kwa yeyote mwenye wazo kama letu.

Kwanza toa hofu ya ukubwa wa injini. Mwaka 1973 Ted Simon aliondoka London na Triumph ya cc 500 akazunguka dunia kwa miaka minne, akapita hadi hapa kwetu. Leo watu wanadhani bila pikipiki kubwa ya bei ya gari huendi popote. Boxer ya cc 150 inafika Malawi, ila itafika taratibu. Ukiwa na abiria na mizigo, panga mwendo wa kilomita 60 kwa saa na uridhike nao. Kutoka Dar kupitia Morogoro, Iringa na Uyole, kisha kushuka Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Kasumulu, ni kama kilomita 930. Gawanya siku tatu. Usiku usiendeshe kabisa, hasa kwenye zile kilomita 50 za barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi. Tembo hana taa ya nyuma.

Sasa swali ambalo wengi hawaulizi: kadi ya pikipiki ina jina la nani?

Hapa ndipo safari nyingi za boda zinapokwama kabla hazijaanza. Mnajua mfumo wa mkataba. Bosi ananunua chombo, dereva anapeleka hesabu kila siku mpaka deni linaisha, kisha chombo kinakuwa chake. Kinakuwa chake kwa mdomo. Kwenye kadi bado kuna jina la bosi mpaka mwende TRA kubadilisha umiliki, na wengi hawaendi kwa sababu ndani ya Dar haiwasumbui. Mpakani inasumbua. Ofisa wa forodha anaona hati ya kusafiria ina jina moja na kadi ina jina jingine, na yeye hajui habari za mkataba wenu wa Gongo la Mboto. Kwake hicho ni chombo cha mtu mwingine kinachotolewa nje ya nchi. Kama umiliki haujabadilishwa, angalau uwe na barua ya mwenye kadi ya kukuruhusu kuvuka nacho, iliyothibitishwa na wakili. Kama pikipiki ni ya mkopo, anayekudai ndiye mwenye neno, kaongee naye mapema.

Sisemi haya kuwatisha. Kaka ana watoto wawili na Boxer ndiyo inayowalisha. Wiki tatu bila kupakia abiria ameshazipigia hesabu, anaweza kuzibeba. Pikipiki kuzuiliwa Kasumulu hawezi kuibeba.

Karatasi nyingine ni nyepesi zaidi. Bima yako ya hapa haikulindi nje, kwa hiyo unaiongezea Kadi ya Njano ya COMESA, inayolipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine katika nchi zilizomo kwenye mpango huo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huu wa bima imo, na Malawi imo. Ukivuka daraja la mto Songwe, forodha wa upande wa pili wanakupa kibali cha kuingiza chombo kwa muda. Kitunze kama cheti cha Form Four, na ukitoka hakikisha kimefungwa. Kikibaki wazi, kwao ni kama umeuza pikipiki nchini mwao bila kulipa ushuru. Wanaoota kufika Misri wajue kwamba kule wanadai kitabu maalumu cha forodha, na kukipata lazima uweke dhamana. Hilo bumu haliwezi.

Turudi kwa mafundi. Kosa la kawaida ni kubadilisha kila kitu siku moja kabla ya safari. Spea mpya nayo inaweza kuwa mbovu, na Kariakoo ina orijino, ina kopi, na ina kopi iliyofungwa kwenye boksi la orijino. Nenda na spea ya zamani mkononi ulinganishe uzito na unene. Funga vitu wiki mbili kabla, halafu nenda Bagamoyo na kurudi ukiwa na mzigo ule ule wa safari. Kitakachofia njiani, afadhali kifie Bunju.

Cheni na sproketi zake mbili hubadilishwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka inaliwa haraka, pesa imepotea. Cheni ipimwe mtu akiwa amekaa na mzigo umefungwa. Ikikazwa pikipiki ikiwa tupu, ukipanda inavutika kupita kiasi na kuumiza beringi. Mafundi wengine watakushauri sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Inasaidia kupanda Kitonga, ila kwenye tambarare injini inalia zaidi kwa mwendo ule ule. Kwa watu wawili mimi nimeikubali. Kaka bado anabisha.

Oili ni kama lita moja tu, na injini yenyewe inapozwa kwa upepo, kwa hiyo iangalie kila asubuhi. Chukua oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi inaanza kuteleza, unavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi.

Tairi lina tarakimu nne pembeni. 2324 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lenye kashata nzuri lakini limekaa stoo miaka saba, mwachie muuzaji.

Mafundi walinifundisha jambo moja la bei rahisi: waya wa klachi wa akiba usiufiche kwenye begi. Upitishe sambamba na ule unaotumika, uufunge kwa tepu. Wa kwanza ukikatika unahamisha ncha tu. Mengine ya kubeba ni tyubu mbili, plagi, fyuzi, pampu ya mkono na spana zinazofungua boliti za pikipiki yako. Mizigo mizito ikae chini karibu na abiria, isirundikwe mwisho wa keria, maana usukani unakuwa mwepesi na unaanza kucheza lori likikupita.

Kwa baridi ya Mafinga na Makambako, hasa Juni na Julai, kanunue koti zito la mtumba Karume. Watu wa Dar tunajifanya tunajua baridi.

La mwisho ni mafuta. Miaka ya karibuni Malawi imekuwa ikikosa petroli mara kwa mara. Tanki la Boxer linabeba kama lita 11, na kutoka mpakani kupitia Karonga na Mzuzu hadi Nkhata Bay ni kama kilomita 325. Ukijaza Kyela mpaka juu unafika bila kutafuta kituo. Kurudi ndiyo shughuli. Shangazi ameambiwa aanze kuulizia petroli tangu sasa, na amejibu kwamba tumlete kwanza huyo kaka mwenye kadi ya jina lake.