Mwenye Pumu na Barua ya Daktari Bingwa

Ni nyumba chache ambazo hazijapata kumjua mtu mwenye pumu. Usiku wa manane huonekana ameketi kitandani, mabega yameinuka, kifua chamlia kama filimbi, na jamaa wamemzunguka wakimpepea. Akiisha kuvuta pampu yake mara mbili tatu, pumzi humrudia, na nyumba nzima husema, "Alhamdulillahi, yamekwisha." Asubuhi hakuna aulizaye kwa nini yamempata, wala mara hii ni ya ngapi tangu mwaka kuanza. Twaona kuwa hatari imo katika kimya hicho.

Pumu ni uvimbe katika njia za pumzi, na uvimbe huo huwapo hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya. Pampu ya kutuliza huzifungua njia zilizobana kwa muda wa saa chache tu, wala haiondoi uvimbe wenyewe. Kinachoupunguza ni dawa ya kinga yenye stiroidi, ivutwayo kila siku kwa amri ya daktari. Basi mtu amalizaye pampu ya kutuliza moja baada ya nyingine hajapona; maradhi yake yanamshinda, naye hana habari.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Huko Uingereza, nchi yenye madaktari na dawa tele, walichunguzwa watu 195 waliokufa kwa pumu kati ya mwaka 2012 na 2013, na taarifa ikatolewa mwaka 2014. Ilionekana kuwa 112 kati yao hawakuwa chini ya uangalizi wa daktari bingwa katika mwaka wao wa mwisho. Wengine walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 za kutuliza kwa mwaka mmoja. Na mtu mmoja katika kila kumi alikufa kabla ya kutimia siku 28 tangu kutoka hospitali, wakati ambao jamaa hudhani hatari imekwisha pita. Ikiwa hali ni hiyo huko, itakuwaje kwetu, ambako wengi hawana hata hiyo dawa ya kinga?

Sasa ni nani apasaye kuandikiwa barua ya rufaa kwenda kliniki ya maradhi ya kifua? Ni yule aliyepewa vidonge vya stiroidi mara mbili au zaidi kwa mwaka mmoja. Ni yule aamkaye usiku kwa kukosa pumzi ilhali atumia dawa ya kinga sawasawa. Ni yule aliyewahi kulazwa mahututi kwa pumu. Ni yule ambaye kifua chake humbana akiwa kazini na kumwachia siku za mapumziko, kama mwoka mikate apumuaye vumbi la unga. Na ni yule ambaye daktari wake mwenyewe ana shaka, kwani moyo dhaifu na kifua kikuu navyo huweza kudhaniwa kuwa pumu.

Bingwa huyo hampi mgonjwa hirizi. Katika wale 195 walikuwamo 83 waliokuwa wakihudumiwa hospitalini, nao walikufa. Bali atampima pumzi kwa chombo cha kupuliza, kabla ya dawa na baada yake. Atamtazama avutavyo pampu, kwani wengi huvuta vibaya dawa ikaishia kinywani. Atauliza habari za moshi wa jikoni, udi, sigara na paka. Kisha atabadili matibabu na kumpa mpango ulioandikwa, ili jamaa wajue la kufanya maradhi yakizidi.

Wako waonao haya kuomba barua, wakichelea kuwa daktari wao atasema amedharauliwa. Daktari mwema hachukii kusaidiwa. Mwendeeni kwa adabu, na mchukue hesabu iliyoandikwa: pampu ngapi zimekwisha mwaka huu, vidonge mara ngapi, hospitali mara ngapi, usiku mangapi bila usingizi. Hesabu hiyo itasema kuliko malalamiko. Wako pia wasemao kuwa kutawakali kwatosha. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kama watu wajitibu, aliwaamuru wajitibu. Na mgonjwa asiache dawa yake ya kinga kwa sababu ya Ramadhani. Ikiwa huivuta mara mbili kwa siku, amwulize daktari kama yafaa kuivuta wakati wa futari na wa daku, na swaumu yake aulize kwa wanazuoni.

Jambo moja halingoji barua. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikageuka rangi, au pampu isimpe nafuu, apelekwe hospitali saa ile ile, na njiani aendelee kuvuta pampu yake.

Basi twawaomba akina baba na akina mama watazame leo kabati la dawa nyumbani mwao, wazihesabu pampu tupu. Zikiwa nyingi, msingoje usiku mwingine. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi tulio wazima macho ya kuwaangalia. Amin.