Mali na Niger: Fitna ya Jangwani na Fiqhi ya Bughaat

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Machi 2025, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, waumini 44 waliuawa wakiwa katika swala kijijini Fambita, magharibi ya Niger. Serikali ililitaja kundi linalojiita Dola ya Kiislamu. Miaka mitatu kabla yake, mwezi Machi 2022, katika kijiji cha Moura nchini Mali, watu wasiopungua 500 waliuawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Mei 2023 ilisema waliofanya hivyo ni jeshi la nchi pamoja na askari wa kigeni. Serikali ya Mali iliikataa ripoti hiyo.

Ndugu msomaji, katika tukio la kwanza anayetuhumiwa ni muasi, na katika la pili ni mtawala. Waliouawa pande zote mbili ni Waislamu. Je, sharia ina la kusema kwa muasi peke yake, au kwa wote wawili?

NCHI MBILI ZINAZOFANANA

Mali na Niger ni majirani wasio na bahari, na kila moja ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.2. Zote zilitawaliwa na Ufaransa na zikapata uhuru mwaka 1960. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi ni Waislamu, na madhehebu yao ni ya Imam Malik. Timbuktu na Gao ziko Mali, Agadez iko Niger. Sehemu kubwa ya ardhi hizo ilikuwa chini ya dola ya Songhai, na mtawala wake Askia Muhammad ndiye aliyemuandikia mwanachuoni Muhammad al-Maghili maswali kuhusu utawala na dhulma, naye akamjibu. Kwa hiyo kuuliza hukumu ya damu na utawala si jambo geni huko.

Kote kuwili Watuareg wa kaskazini walishika silaha mwaka 1990, wakilalamikia kusahauliwa na kudhulumiwa. Kote kuwili mapatano yalifuata: Mali mwaka 1992, Niger mwaka 1995. Mwezi Machi 1996 maelfu ya bunduki yalichomwa moto hadharani mjini Timbuktu kuwa alama ya amani.

ZILIPOACHANA NJIA

Tofauti ilidhihiri mwaka 2011, utawala wa Gaddafi ulipoanguka na wapiganaji wengi waliokuwa Libya wakarudi makwao. Niger iliwanyang'anya silaha waliopita mipakani mwake. Mali waliingia na silaha zao, na Januari 2012 vita vikaanza. Machi 22 jeshi likampindua Rais Amadou Toumani Touré. Aprili 6 waasi wakatangaza nchi yao ya Azawad. Haukupita muda, makundi yenye fikra za takfiri yakawapokonya miji, yakabomoa makaburi ya mawalii wa Timbuktu na kuvunja mlango wa msikiti wa Sidi Yahya.

Kwa nini Niger haikuanguka wakati ule? Sababu ni nyingi, lakini moja inatuhusu sisi. Uasi ulipozuka tena Niger mwaka 2007, Rais Mamadou Tandja aliwaita waasi majambazi na akakataa kuzungumza nao. Vita viliendelea hadi mwaka 2009, yalipopatikana mapatano kwa usuluhishi wa Libya. Kisha mwaka 2011 serikali mpya ilimteua Brigi Rafini, Mtuareg wa kaskazini, kuwa Waziri Mkuu, akadumu miaka kumi. Waliokuwa wakilalamika nje wakawa na mtu wa kuwasikiliza ndani.

Hatusemi Niger ilisalimika. Eneo la Diffa lilishambuliwa na Boko Haram kuanzia mwaka 2015. Machi 2021 raia 137 waliuawa katika vijiji vya Tahoua kwa siku moja. Lakini mlango wa mazungumzo haukufungwa: waliotoka Boko Haram walipokewa Goudoumaria, na mwaka 2022 Rais Mohamed Bazoum alitangaza kuwa ameanza kuzungumza na baadhi ya wapiganaji. Tarehe 26 Julai 2023 walinzi wake wenyewe wakampindua. Mali ilikuwa imekwisha kupinduliwa mwaka 2020 na tena mwaka 2021, na Januari 2024 watawala wake wakaufuta mkataba wa Algiers wa mwaka 2015. Hapo nchi mbili zikawa katika njia moja tena.

WANAVYUONI WAMESEMA NINI?

Aya ya 9 ya Suratul Hujurat inaamrisha kupatanisha makundi mawili ya waumini yanayopigana kabla ya kupigana na lile linalochupa mipaka, na tena kupatanisha kwa uadilifu linaporejea. Sulhu imetajwa mwanzo na mwisho, na vita vimewekwa katikati.

Kutokana na aya hii na sera ya Sayyidna Ali (R.A.), mafaqihi wametoa hukumu hizi:

1. Kusikiliza kwanza. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za pwani, ameeleza kuwa mtawala hapigani na bughaat mpaka awapelekee mtu muaminifu, mwerevu, mwenye nasaha, awaulize wanachokichukia. Wakitaja dhulma, aiondoe. Wakitaja shub-ha, aibainishe. Ndivyo Sayyidna Ali alivyompeleka Ibn Abbas kwa Makhawarij, na wengi wakarejea. Hakuwaanza kwa vita mpaka walipomwaga damu ya Abdullah bin Khabbab.

2. Mipaka ya vita. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ametaja mambo manane yanayotofautisha kupigana na bughaat na kupigana na washirikina. Miongoni mwake: makusudio ni kuwazuia, si kuwaua, anayekimbia hafuatwi, majeruhi hamaliziwi, mateka hauawi, mali haiporwi, nyumba hazichomwi. Ikiwa huyu ndiye aliyebeba silaha, vipi mwanakijiji asiye na silaha?

3. Msaada wa wasio Waislamu. Al-Mawardi amelizuia hili pia. Wanavyuoni wa Kihanafi wamelijuzisha kwa sharti kuwa hukumu ya Kiislamu ndiyo yenye nguvu. Mali ilikuwa na majeshi ya Ufaransa kuanzia 2013 hadi 2022, na wapiganaji wa Kirusi wa Wagner waliingia mwishoni mwa 2021. Basi aulizwe anayeleta msaada: nani aliyekuwa na amri huko Moura?

4. Kuzuia chakula. Nchi isiyo na bahari hukabwa kwa kufungiwa njia. Mwaka 2023 majirani waliiwekea Niger vikwazo, malori yakakwama mpakani mwa Benin. Tangu Septemba 2025 kundi la Nusrat al-Islam lilianza kushambulia malori ya mafuta yanayokwenda Mali kutoka Senegal na Côte d'Ivoire, mpaka shule zikafungwa. Tukumbuke kisa cha Thumama bin Uthal (R.A.), aliyewazuilia Makureshi nafaka za Yamama. Walipomlalamikia Mtume (S.A.W.), alimuandikia aiachie, nao walikuwa wakimpiga vita. Ikiwa hivyo ndivyo alivyowatendea Makureshi, itakuwaje kwa Waislamu?

Atasema msemaji: watawala hawa wamekuja kwa mapinduzi, basi nani baghi? Jawabu ni kuwa mafaqihi wengi walikubali utii kwa aliyetawala kwa nguvu ili kuzuia damu. Aliyekubaliwa kwa ajili ya kuzuia damu hawezi kuifanya sababu hiyo kuwa ruhusa ya kuimwaga. Na dhulma yake haihalalishi kuwakufurisha Waislamu na kuwaua msikitini.

WAJIBU WETU

Mwaka 2021 Baraza Kuu la Kiislamu la Mali liliwapatanisha wapiganaji na wawindaji wa eneo la Niono. Mapatano yalivunjika baadaye, lakini kwa kipindi hicho watu walipumua. Hiyo ndiyo kazi ya yule muaminifu, mwerevu, mwenye nasaha aliyetajwa na Imam Nawawi. Imamu anayeita kila muasi Khawarij, na yule anayeita kila uasi jihadi, wote wawili wameiruka hatua ya kwanza. Tuanze kwa kuuliza: wanachukia nini?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, na awape watu wa Mali na Niger amani. Wallahu aalam.